Jumamosi ya Hannah Cullwick

Jumapili usiku. Mvua ya Wolverhampton, huku England, haijui kunyesha. Inadondoka kutwa nzima kama bomba lililoisha mpira wa ndani. Nimerudi kutoka Shifnal nimelowa, viatu nimeviweka juu ya redieta, chai ya tangawizi iko mezani. Niandike kabla usingizi haujanishinda.

Huu mwezi wa tatu namfuatilia mwanamke aliyekufa mwaka 1909. Si ndugu yangu. Hatuna hata tone la damu moja. Anaitwa Hannah Cullwick, mtumishi wa nyumbani, mzaliwa wa Shifnal, mji mdogo wa Shropshire, vituo vitano kutoka hapa ukipanda ile treni inayosimama kila mahali. Kwetu angeitwa dada wa kazi, na wale wasio na adabu wangemwita beki tatu. Alianza kazi za ndani akiwa na miaka minane. Kuanzia 1854 hadi 1873 aliandika shajara, naye si mtu wa kukaa mezani na kalamu. Aliandika usiku, baada ya kila kitu kingine kwisha.

Nilikutana naye ndani ya basi. Nilikuwa natoka zamu ya kusafisha ofisi, napekua simu ili nisilale, nikaangukia siku yake moja: Jumamosi, tarehe 14 Julai 1860. Anafungua mbao za madirisha, anawasha moto wa jikoni, anakung'uta masizi. Anafagia vyumba na ukumbi. Anaandaa kifungua kinywa. Anasafisha jozi mbili za viatu, anatandika vitanda, anamwaga maji ya vyumbani (mnajua ni maji gani). Anaosha vyombo, anang'arisha visu. Anapeleka kuku wawili kwenye nyumba nyingine na kurudi na majibu. Anatengeneza pai. Ananyonyoa mabata wawili, anawatoa matumbo, anawaoka. Kisha ngazi za mlangoni, kwa magoti. Mawe ya barabarani mbele ya nyumba, kwa magoti. Stoo ya chakula, kwa magoti. Choo na ushoroba, kwa magoti. Anamwogesha mbwa. Saa tatu usiku chai ya bwana mwenye nyumba iko tayari, lakini yeye ni mchafu mno kupanda nayo juu, mwenzake ndiye anayeibeba. Mwishowe anaoga na kulala. Hakuna mahali anapojihurumia.

Nilipitiliza kituo changu.

Toka siku ile nikataka kujua alikuwa nani, wazazi wake kina nani, alikuwa na nani duniani. Nikaanza kijinga, kama kila anayeanza. Siku mbili nzima nilitafuta cheti chake cha kuzaliwa, hadi macho yakawasha. Hakipo, wala hakijawahi kuwepo. Serikali ya Uingereza ilianza kuandikisha vizazi Julai 1837, na Hannah alizaliwa tarehe 26 Mei 1833. Mtu wa kabla ya hapo humpati serikalini, unampata kanisani, kwenye daftari la ubatizo. Nilicheka peke yangu. Mama yangu naye hana cheti cha kuzaliwa, na nimekuwa nikidhani hiyo ni aibu ya kwetu tu.

Halafu kuna sensa. Kila miaka kumi: 1841, 1851, 1861, kuendelea. Karani anapita nyumba kwa nyumba na kuandika waliolala humo usiku ule. Kwa wapenda ukoo ni hazina, lakini mtumishi humkuti kwao. Yuko kwenye nyumba ya watu, mwishoni mwa orodha, chini ya watoto na wageni, na kuanzia ile ya 1851, kwenye safu ya uhusiano na mkuu wa kaya pameandikwa "mtumishi". Huyo ni nani kwako? Ni mtumishi. Ukimfuata Hannah kwa sensa peke yake utapata jina, umri, kazi, basi. Miaka kumi inapita, anaibuka mtaa mwingine, chini ya mkuu wa kaya mwingine.

Familia yake ilikuwaje? Baba alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Mama kabla ya kuolewa alikuwa naye mtumishi kwa matajiri. Hawakuwa mafukara wa kutupwa, maana baba alikuwa na ufundi wake, ila hawakuwa na akiba ya kuwakinga watoto wakibaki peke yao. Na kweli walibaki peke yao. Mwaka 1847 wazazi wote wawili walifariki, Hannah akiwa na miaka 14, yuko kazini kijiji cha karibu, na hakuruhusiwa kwenda nyumbani kuwaona wadogo zake. Hapo niliifunga kompyuta. Nimewajua wasichana wa Tanga waliokosa mazishi ya mzazi kwa sababu mama mwenye nyumba alikuwa na wageni.

Kuna safu nyingine iliyonikasirisha, ya cheti cha ndoa. Tangu 1837 vyeti vya ndoa vya England na Wales viliandika jina la baba wa bibi harusi na la baba wa bwana harusi, na kazi zao. Mama hakuandikwa. Safu yake haikuwepo kabisa. Imewekwa mwaka 2021. Sijakosea tarakimu, ni juzi hapa! Kwa hiyo karibu miaka 184 ya ndoa, na mama aliyembeba binti mgongoni (haya, wao hawabebi mgongoni) hatajwi.

Ndoa yenyewe sasa. Siku alipotimiza miaka 21 Hannah alikutana London na Arthur Munby, wakili, mtu wa familia ya heshima ya York, mshairi pia. Bwana huyu alikuwa na ugonjwa wake: aliwapenda wanawake wa kazi ngumu, wenye mikono mipana na uso wa masizi. Alizunguka akiwahoji, akiwachora, akiwapeleka kupigwa picha. Hannah alipigwa picha hata akiwa amevaa kama mfagia mabomba ya moshi. Walipendana kwa siri miaka 18, na tarehe 14 Januari 1873 wakaoana kwa siri, kanisa la St James, Clerkenwell. Akahamia vyumba vya mumewe pale Inner Temple, makazi ya mawakili London, lakini wageni wakija yeye ni mtumishi, anahudumia. Kibali cha ndoa hakikumsisimua. Aliandika kwamba yeye hajali kuwa nacho, na kwamba hakihusiani sana na mapenzi yao. Kuwa bibi mkubwa, kuvaa glovu na kukaa tu, kulimchosha kuliko kusugua sakafu.

Shajara ile aliiandika kwa sababu Munby alimwambia aiandike, na kurasa zilikuwa zinaenda kwake. Nililigundua hili nikiwa nimeshampenda Hannah, nikajihisi kama nimefungua barua ya mtu mwingine. Yale magoti yote, yule mbwa, yale masizi, anamhadithia mwanamume anayefurahia kuyasikia. Je, alikuwa anasema kweli? Naamini alikuwa anasema kweli. Ngazi zilisuguliwa, hilo halina mchezo. Ila sasa namsoma nikijua kuna mtu mwingine chumbani.

Na alimwitaje? "Massa." Neno la watumwa wa Marekani. Shingoni alivaa mnyororo wenye kufuli, mkononi ukanda wa ngozi, ishara kwamba ni wa Munby. Hapo mimi mtoto wa pwani nilikwama kabisa. Mwaka huohuo wa ndoa yao, mwezi Juni, Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar. Nimesimama pale Mkunazini, lilipokuwa soko hilo, nikiwa darasa la sita, kwenye ziara ya shule, na minyororo ya pale haikuwa mchezo wa wapenzi. Nilitaka kumchukia Hannah. Nikajaribu kumtafsiri kwanza, nione likitoka kwa Kiswahili linasikikaje. "Massa" ni nini? Bwana. Nami mume wa dada yangu namwitaje? Bwana wa dada. Shangazi zangu wanasema "bwana'angu" na hakuna anayeshtuka. Nikaacha kuchukia kwa muda, nikabaki nimekaa na lile neno mdomoni kama kokwa la embe.

Basi leo nikapanda treni. Stesheni ya Shifnal iko juu, barabara inapita chini ya daraja la reli. Reli ilifika 1849, wazazi wa Hannah wakiwa kaburini miaka miwili. Kabla yake magari ya farasi ya London hadi Holyhead yalipita hapa, na ndiyo maana mji mdogo namna hii uliweza kumlisha fundi wa matandiko. Kanisa la St Andrew ni kubwa kupita mji wenyewe, la mawe mekundu. Hannah alirudi Shropshire baada ya kuachana na maisha ya vile vyumba, 1877, na Munby akawa anakuja kumtembelea mpaka uzeeni. Hawakuachana kabisa. Amezikwa hapa. Nilizunguka makaburini saa nzima, mawe yameota kuvu, herufi zimeliwa. Sikulikuta jina lake. Mzee mmoja mwenye mbwa aliniuliza kama nimepotea, nikamwambia hapana, natafuta mtu. Akaitikia kwa kichwa kama vile ni jambo la kawaida.

Munby alimfuata Januari 1910. Shajara zake na za mkewe aliziacha ndani ya makasha, akakipa Chuo cha Trinity, Cambridge, kwa sharti yasifunguliwe mpaka 1950. Bila makasha yale Hannah angebaki mstari wa mwisho kwenye sensa.

Jana nilimpigia mama. Shikamoo, marahaba, umekula, baridi ikoje. Nikamsomea ile Jumamosi ya 1860, naitafsiri papo hapo. Mama amefanya kazi za ndani Raskazone, Tanga, miaka 11, kwa wazungu wa miradi. Kwenye ngazi akaguna. Kwenye mabata akacheka. Nilipofika kwa mbwa akanyamaza.

"Mbwa alikuwa wake?"

"Wa mwajiri, mama."

"Mh. Haya, usiku mwema mwanangu."

Leo nikiwa kwenye treni ya kurudi ukaingia ujumbe wake wa sauti, dakika mbili na nusu. Jogoo wa jirani anawika nyuma. Anasema: "Wale wangu walikuwa na mbwa wawili. Kila Jumamosi nawaogesha. Nikirudi nyumbani, kabla sijamgusa mtoto, najiosha mara saba, moja kwa udongo, pale nyuma ya migomba, ndipo naswali. Baba yako hakujua mpaka anaingia kaburini. Na yule mama mwenye mbwa hakuniuliza hata siku moja kama dini yangu inaruhusu."

Nimempigia tena jioni hii kumwomba ruhusa niliandike. Amefikiri. Akasema niandike, ila jina lake nisiweke.