Jibu Lililofika Kabla ya Swali

Juzi kijana tunayefanya naye kazi alikuwa akipitia msimbo wa programu yetu, akafika kwenye mistari inayolinganisha namba iliyokwenda na ombi na namba iliyorudi na jibu. "Dada, hii ya nini? Seva imeulizwa, imejibu. Tunakagua nini tena?" Alitaka kuifuta. Nikamwambia aiache, nikamsimulia kwa kifupi, na tangu hapo jambo lenyewe limekataa kunitoka kichwani.

Lilianza kwa simu ya muuguzi. Wakati ule tulikuwa tunatunza huduma iliyopokea maombi kutoka vituo vya afya na kurudisha majibu ya maabara. "Dada, samahani," alisema, "mgonjwa niliye naye ni mwanamume. Jina ni lake, namba ya faili ni yake, lakini mashine inanionyesha kipimo cha mimba." Nilimwomba afungue upya. Akanyamaza kidogo. "Sasa kimekuja cha sukari. Huyu tumempima malaria tu."

Seva ikawashwa upya, kila kitu kikanyooka. Baada ya muda yakarudi yale yale. Tukaiwasha tena, yakatulia tena. Kuwasha upya kulikuwa kunatuliza simu huku kukifuta ushahidi wote, na sikupata usingizi mzuri kipindi kile.

Washukiwa wa kwanza walikuwa wale wa kawaida. Kwenye lugha ya Java, servlet moja, yaani kipande cha programu kinachojibu maombi, huhudumia nyuzi nyingi (kazi zinazokwenda sambamba) kwa pamoja, kwa hiyo mtu akihifadhi jina la mgonjwa kwenye sehemu ya pamoja ya kitu hicho badala ya ndani ya kazi ya ombi lenyewe, ombi la pili hulikanyaga la kwanza. Tuliukagua msimbo mstari kwa mstari, hatukukuta kitu cha namna hiyo. Tukashuku kache, ile hifadhi ya muda ya majibu yaliyokwisha kutolewa. Tukaizima, tatizo likabaki. Nikituma ombi moja, nisubiri jibu, nitume lingine, huduma ilikuwa safi kabisa.

Nilichokiona hatimaye kilikuwa kwenye faili mbili za logi, yaani kumbukumbu za kila tukio na saa yake, nilizoziweka bega kwa bega: upande wa kushoto programu iliyokuwa ikiuliza, kulia seva ya maabara. Nilikuwa nikifuata ombi moja tu. Kushoto: ombi limetumwa, jibu limepokelewa. Kulia: ombi limepokelewa. Nikasoma saa za mistari hiyo, nikarudia, nikaweka kidole kwenye kioo. Jibu lilipokelewa kushoto kabla seva ya kulia haijalipokea swali. Nikafikiri saa za mashine zinapishana. Nikazikagua, zilikuwa sawa. Nikakaa nikiitazama ile mistari, maana haikuwezekana, na ilikuwa mbele yangu.

Basi lile jibu lilikuwa la nani? Nikapanda juu kwenye logi, nikifuata muunganisho ule ule, yaani njia ile ile ya mawasiliano kati ya programu na seva. Hapo nikakuta mstari ambao tulikuwa tumeuruka mara zote kwa sababu ni wa kila siku: muda wa kusubiri umeisha. Programu ilikuwa imesubiri sekunde 5, ikakata tamaa, ikamwambia muuguzi fulani ajaribu baadaye, kisha ikaurudisha muunganisho kwenye akiba ya miunganisho iliyo tayari kutumika. Seva haikujua kwamba aliyeuliza ameondoka. Katika sekunde ya 6 ikamaliza kazi yake na kulituma jibu kwa uaminifu, nalo likabaki ndani ya muunganisho likingoja msomaji. Ombi lililofuata likaukuta muunganisho huo, likaandika swali lake, likasoma cha kwanza kilichokuwepo. Ni kama foleni ya dirishani ambapo mmoja ameondoka bila bahasha yake: wa nyuma yake anapewa hiyo, na kuanzia hapo kila mtu anapokea ya aliyemtangulia.

Kuthibitisha hakukuchukua muda. Tuliichelewesha seva makusudi kwa ombi moja, tukarusha maombi mengi kwa mpigo, majibu yakateleza nafasi moja mbele ya macho yetu. Dawa ilikuwa fupi: muda ukiisha, muunganisho unafungwa na kutupwa, haurudi kwenye akiba. Mimi nikasisitiza na ile namba, kila jibu lirudi likisema ni la ombi gani, na lisipolingana mtumiaji aone kosa badala ya kipimo. Itifaki ya HTTP/1.1, kanuni ambazo programu na seva huzungumza kwazo, haina namba hiyo. Jibu hujulikana ni la nani kwa mpangilio wake tu ndani ya muunganisho. HTTP/2, iliyotoka mwaka 2015, iliupa kila mkondo, yaani kila ombi pamoja na jibu lake, namba yake.

Machi 2023, ChatGPT ilipozimwa kwa muda kwa sababu baadhi ya watu waliona vichwa vya mazungumzo ya wengine, nilisoma maelezo yao nikahisi baridi mgongoni. Chanzo kilikuwa kwenye redis-py, maktaba ya msimbo ambayo programu huitumia kuzungumza na hifadhidata ya Redis: ombi limeshatumwa, likafutwa kabla jibu halijasomwa, na muunganisho ukaendelea kutumika.

Nilichomweleza kijana hakikuwa hiki chote. Sikumwambia kwamba yule muuguzi aligundua kwa sababu vipimo vilikuwa vya aina tofauti. Jibu la malaria likienda kwa mgonjwa mwingine wa malaria, hakuna ambaye angeshtuka. Tulipitia logi, tukatafuta kila mahali muda wa kusubiri ulipoisha, tukahesabu maombi yaliyofuata kwenye muunganisho huo, tukavipelekea vituo orodha za wagonjwa wa kurudiwa kuangaliwa. Lakini logi zetu zilikuwa zikifutwa zinapozeeka, na akiba ile ya miunganisho ilikuwa imetumika muda mrefu kuliko logi ya zamani zaidi tuliyokuwa nayo.