Namna tulifufua kibambazi yetu ya Kamalondo

Hapa Lubumbashi kila kartie (mutaa) iko na ile kibambazi (ukuta) imeandikwa "Marufuku kukojoa", na chini ya maandishi njo batu banakojoa. Yetu ilikuwa hivyo, krepi (plasta) imebanduka, mutaro imejaa masashe ya plastiki, giza ikiingia bamama banaogopa kupita. Mimi ni fundi wa kuandika mabango ya maduka, ile kibambazi ilikuwa inaniuma roho kila siku.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuomba ruhusa ya kupaka kwa mwenye parseli (kiwanja). Kesi za parseli mu muji huu tunazijua, mutu akikubali upake kibambazi yake anafikiri kesho utasema ni yako. Akaniambia, "Mwanangu, maandishi ya 'Haiuzwi' usiyaguse." Nikamujibu, hapana Papa, nitayazungushia maua, yabaki pale pale. Njo akakubali, tukasaini karatasi mbele ya shefu wa kartie.

Kisha tukafanya salongo (usafi wa pamoja), tukatoa buchafu yote ya mutaro. Hii musiiruke, maana maji ikikosa njia inapanda mu matofali na rangi inavimba mvua ya kwanza tu. Tulipaka mu kiangazi, mwezi wa saba: kukwangua kwa brosi ya chuma, kuziba nyufa na simenti, kuacha ikauke vizuri, chokaa, halafu rangi ya maji. Chini kabisa tuliacha mustari mupana wa rangi ya udongo, maana mvua ya hapa inarusha matope nyekundu na ukiweka nyeupe pale umepoteza feza.

Mimi nilitaka sura za bachezaji ba Mazembe, timu yetu ya mpira, bamama bakakataa, banataka samaki na ndege. Nikakumbuka Pilipili Mulongoy, mumoja wa bachoraji wa Hangar, atelie ya kuchora ile Mufaransa Romain-Desfossés alianzisha hapa hapa muji mwaka 1946, yeye alikuwa anajaza nafasi yote na majani madogo madogo. Nikafanya vile, na majani yakaficha viraka vyote vya simenti, uzuri wake unashangaza!

Kuko bale balisema ni kupaka poda maiti. Nabaambia muangalie Tirana, kule Albania: Edi Rama, naye muchoraji, alikuwa meya kuanzia 2000, akapakisha magorofa ya kijivu rangi kali, lakini alibomoa pia vibanda vilivyojengwa bila ruhusa na kupanda miti. Rangi ilienda pamoja na kazi ingine.

Kwetu pia, rangi peke yake haikufukuza bakojoaji. Mama mumoja aliona mahali pamekuwa safi akaleta meza ya ndizi, mwingine akaleta makala ya kupikia (makaa), na nani atakojoa mbele ya mama anauzisha? Sasa bako wengi, mangaribi banawasha taa zao, na batoto banapita pale bakitoka masomo. Bamama banachanga kidogo kidogo feza ya kurudilia rangi kiangazi ijayo, na mwenye parseli ameniomba nipake upande wa ndani.