Vikaratasi vilevile 31, washindi watatu

Jumapili tulichagua mwenyekiti wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, sisi wauza dagaa wa pale Mwaloni Kirumba, tuko 31 na wagombea walikuwa watatu: mzee mwenye mitumbwi, kijana wa mzani na mama mweka hazina. Kura ya kawaida, tiki moja, mzee 13, kijana 10, mama 8, basi mzee kapita, makofi, soda, tukatawanyika. Ila njia nzima watu wananung'unika na mi roho ikagoma kutulia.

Jumatatu nikapita meza kwa meza na vikaratasi, nikawaambia leo hakuna tiki, andikeni nani wa kwanza, wa pili, wa tatu. Vimerudi vinanuka dagaa, vingine vimelowa, jioni nikavipanga mafungu matatu kwenye mkeka. Wale 13 wa mzee, wa pili wao wote ni mama. Wale 10 wa kijana, wa pili mama tena. Wale 8 wa mama, wa pili kijana. Yaani watu 18 kati ya 31 mzee wamemweka mwisho kabisa na ndo mwenyekiti wetu!

Nikasema haya, tufanye duru ya pili, mama wa mwisho anatoka, kura zake 8 zinahamia kwa kijana, 18 kwa 13, kijana kashinda. Halafu nikawashindanisha wawili wawili, mama anampiga mzee 18 kwa 13, anampiga kijana 21 kwa 10, kumbe anawapiga wote wawili na ndo huyohuyo tuliyemtoa wa kwanza. Mfaransa Condorcet aliliandika hili tangu 1785, kwamba anayewashinda wenzake wote mmoja mmoja ndiye wa kuchaguliwa. Na Burlington kule Vermont, Marekani, uchaguzi wa meya 2009 uliwatokea hivihivi, Montroll angemshinda kila mpinzani wakiwa wawili tu lakini hesabu ya kuhamisha kura ikamtoa kabla ya duru ya mwisho, mwaka uliofuata wakaifuta njia hiyo.

Wataalamu wanaopima hizi njia wanatumia kompyuta, inatunga wapiga kura maelfu, kila mmoja na kiasi chake cha kumkubali kila mgombea, kisha njia zote zinapitishwa kwa watu walewale na wanaangalia mshindi kaacha pengo gani na yule ambaye angeridhisha watu zaidi. Wanarudia tena watu wakipiga kwa ujanja, na hapo ndo njia nyingi zinapoyumba.

Hicho kipimo cha kuridhika ndo kimenikaa kichwani. Nikamwomba dada mmoja tunayeanika naye turubai moja, yeye ni wa mzee damudamu, ampe kila mgombea alama 0 mpaka 10. Mzee 9, mama 8, kijana 1. Akaiangalia karatasi kitambo, akaniambia "kumbe mama angepita wala nisingelalamika."

Kikao kijacho naenda na vikaratasi vyote kwenye bahasha, mzee mwenyewe akiwepo, naomba mwakani tupige kwa alama, 0 mpaka 10.