M-Pesa Haikuzaliwa na Soko Peke Yake

Kila unapozuka mjadala kuhusu soko huria na mipango ya serikali, M-Pesa, huduma ya kutumiana pesa kwa simu, hutajwa kuwa ushahidi kwamba ubunifu hustawi pale serikali inapokaa kando. Nimeishi Nairobi tangu kabla ya huduma hiyo kuanza, na siwezi kuyakubali maelezo hayo, kwa kuwa yanaacha nusu ya habari.

Kabla ya Machi 2007, pesa za mama yangu zilisafiri kwa basi. Nilikuwa nikitia noti katika bahasha, nikiigandisha kwa gundi, nikiandika jina lake kwa herufi kubwa, kisha nikimkabidhi kondakta wa basi la usiku liendalo Kakamega pamoja na malipo yake. Mama aliamka alfajiri kwenda kuisubiri kituoni. Bahasha moja haikufika, na karo ya mdogo wangu ikapotea nayo.

Kilichoikomesha adha hiyo hakikuwa mtambo wa ajabu, bali ujumbe mfupi wa simu, namba ya siri, na wakala mwenye daftari la kuandikia namba za vitambulisho. Kigumu kilikuwa kumpata mtu wa kugharimia jaribio ambalo faida yake haikuonekana. Vodafone, kampuni ya simu ya Uingereza yenye hisa katika Safaricom ya Kenya, ni kampuni ya biashara, lakini jaribio lile lilipata ruzuku ya karibu pauni milioni moja kutoka serikali ya Uingereza, nayo kampuni ikachangia kiasi kinachokaribiana na hicho. Safaricom, iliyoanza kulifanya jaribio hilo mwaka 2005, wakati huo ilimilikiwa kwa sehemu kubwa na serikali ya Kenya. Hata hivyo, lililokusudiwa lilikuwa kurejesha mikopo midogo. Wateja wenyewe ndio waliogundua kwamba wangeweza kutumiana pesa, jambo ambalo sidhani kama mpangaji yeyote angeliona akiwa ofisini.

Naistahi sana Benki Kuu ya Kenya kwa hatua yake ya 2007, ilipoandika barua ya kutokuwa na pingamizi, yaani kuiacha huduma ianze, wakati hapakuwa na sheria ya malipo ya namna hiyo. Mabenki yalipolalamika, Wizara ya Fedha iliagiza uchunguzi mwishoni mwa 2008, na huduma ikaachwa iendelee. Sheria ya mifumo ya malipo ilipitishwa mwaka 2011, watu wakiwa tayari na miaka minne ya kuitumia M-Pesa. Serikali iliyong'ang'ania sheria kwanza ingeliua jambo lile likiwa bado changa.

Soko nalo lilipopata mshindi, lilianza kufunga milango. Mawakala wa Safaricom walizuiwa kuhudumia kampuni nyingine hadi 2014, Mamlaka ya Ushindani ilipoingilia kati. Tanzania, ambako hakuna kampuni iliyokuwa na nguvu kiasi hicho, mitandao ilianza mwaka huohuo kukubaliana ili mteja wa mmoja amtumie pesa mteja wa mwingine moja kwa moja. Nchini Kenya, aliyetumiwa pesa za M-Pesa akiwa na laini ya kampuni nyingine alipokea tarakimu za siri kwa ujumbe, akalazimika kumtafuta wakala wa M-Pesa ili azitoe zote taslimu, na hali hiyo iliendelea hadi 2018, baada ya serikali kushinikiza.