Mbuzi kumi na wawili niliowapima msimu mzima wa mvua

Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotangaza mwaka 2023 kwamba vuli ingekuja na El Nino, majirani zangu hapa Magu waliwaza majaruba ya mpunga. Mimi niliwaza mbuzi. Zizi letu liko upande wa mbuga, karibu na pale Mto Simiyu unapotawanyika kabla ya kuingia Ghuba ya Speke, na maji yakishatuama hapo hayaondoki upesi.

Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa virusi unaowapata mifugo na watu, inaanzia kwenye maji ya namna hiyo. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga kwenye udongo wa madimbwi, na mayai yenye virusi yanaweza kukaa makavu miaka mingi mpaka mvua kubwa iyaangue kwa pamoja. Ilitokea 1997 hadi 1998, ikarudi 2006 hadi 2007, na mara zote mbili ilikuwa El Nino. Ule mlipuko wa 2007 uliua zaidi ya watu 100 hapa Tanzania.

Kinachonitisha ni jinsi unavyojificha. Mbuzi mkubwa anaweza kuupata na bado akala, akacheua, akaenda malishoni kama jana. Utashtuka siku majike yanapotupa mimba mfululizo na vitoto vya siku chache vinapokufa, na kufikia hapo umeshashika kondo kwa mikono mitupu, umeshachinja, watoto wameshakunywa maziwa mabichi.

Nilimwendea daktari wetu wa mifugo nikamwambia nataka kupima kabla ya kuona mgonjwa. Akafurahi, akaniuliza nina mbuzi wangapi waliozaliwa mwaka huo. "Wadogo ndio ninaowataka, dada. Mkubwa akiwa na kingamwili, yaani zile kinga ambazo mwili hutengeneza ukipambana na virusi, sitajua amezipata jana au miaka mitano iliyopita. Mdogo aliyekuwa hana, akapimwa mwezi ujao akakutwa nazo, basi virusi vimepita hapa, tena juzi juzi." Tukachagua 12, wasiochanjwa, wanaolisha karibu na maji, na tukakubaliana hawauzwi wala hawachinjwi mpaka mvua ziishe.

Hapo kwenye kutouza ndipo palipokuwa pagumu. Mbuzi ni wa baba mkwe. Nilimpelekea maneno jioni akiwa amekaa nje, nikapiga goti, nikaeleza. Akanyamaza kitambo. "Mwanangu, mbuzi mzima unamtafutia ugonjwa wa nini?" Sikubishana naye. Nilimwomba kitu kimoja tu: pamoja na wale wadogo, tupime mara moja majike matano ya zamani, tujue yaliyopita. Kwa hilo alikubali, nadhani kwa kunionea huruma.

Damu ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Daktari aliitoa vizuri kwenye mshipa wa shingo, kila mbuzi na sindano yake (sindano moja kwa wengi inaweza kuwa ndiyo inayosambaza virusi zizini), akaijaza kwenye mirija ya kifuniko chekundu, akaniachia niisafirishe kwenda maabara ya veterinari Mwanza. Nikaipanga ikiwa bado ya moto juu ya barafu kwenye deli, nikapanda gari, barabara ikaitikisa njia nzima. Maabara walinirudisha: chembe zimepasuka, majimaji yote yamekuwa mekundu, hayapimiki. Niliumia sana, maana nilishajua baba mkwe ataniuliza nini.

Mara ya pili nilifanya kwa utaratibu. Mirija niliiinamisha kivulini saa kadhaa damu igande na majimaji ya njano yajitenge juu, daktari akayahamishia kwenye vichupa visafi, ndipo tukaweka barafu, tena tukiwa tumeizungushia kitambaa. Kila kichupa kiliandikwa namba ya hereni ya mbuzi wake, na namba hiyohiyo niliiandika kwenye daftari pamoja na umri, tarehe na mahali alikolisha wiki hiyo. Daftari hilo la kurasa 96 nalithamini kuliko kitu chochote kilichomo kwenye zizi.

Majibu yalipokuja, wadogo wote 12 walikuwa safi. Katika yale majike matano ya zamani, mawili yalikuwa na kingamwili za Homa ya Bonde la Ufa, zile za kudumu, si zile za mwanzo ambazo hufifia baada ya miezi michache. Yaani virusi vilishapita kwetu, siku nyingi, na hakuna aliyejua. Nilipomweleza baba mkwe, alishika fimbo yake akaanza kuhesabu misimu. Akakumbuka mwaka mmoja mbuzi walitupa mimba nyingi, wakasema ni majani mabaya ya mbugani. Hatuna namna ya kuthibitisha kama ndiyo ilikuwa yenyewe. Lakini tangu usiku ule hakuniuliza tena kwa nini napima wazima.

Mvua zikaja kweli. Tulitoa damu kila mwezi. Mwezi wa pili jike mmoja alitupa mimba, na mwili wangu wote ukafa ganzi. Nilivaa glavu na barakoa, nikafukuza watoto na mbwa, nikampigia daktari kabla ya kugusa chochote. Alichukua sampuli, tukazika kilichobaki kwenye shimo refu tukamwagia chokaa, na maziwa yote ya nyumbani yakaanza kuchemshwa mpaka yafure. Jibu lilichelewa kiasi cha kuninyima usingizi: si Homa ya Bonde la Ufa, ni bruselosi. Huo ni wa bakteria, lakini nao humwingia mtu kwa maziwa mabichi na kondo, kwa hiyo glavu na jiko vilikuwa vimetukinga palepale. Jike yule alitengwa, na daktari akapima kundi zima.

Mwezi wa tano mwaka 2024 ziwa lilipanda mpaka likameza bustani za pwani, na mbu wakawa hawavumiliki. Nilipeleka vichupa 12 nikiwa nimejiandaa kwa lolote. Wote safi. Mwezi wa sita, safi tena.

Wale 12 sasa ni wakubwa, wameruhusiwa kuuzwa. Wengine 12 wameshachaguliwa, na safari hii baba mkwe ndiye aliyepita zizini na kuwashika mmoja mmoja, akiniitia namba za hereni niandike. Damu yao ya kwanza tunatoa Jumanne. Barafu nimeshaagiza mjini.