Laini tuiweke wapi?

Kinyozi wangu hapa Kondele ana swali moja ambalo siku hizi naliogopa kuliko simu ya landlodi: "Bosi, laini tuiweke wapi leo?" Zamani hakuwa anauliza. Sasa kona zote mbili zimerudi nyuma, utosini taa ikiwaka unaona ngozi, na mimi hata 32 sijafika. Mwezi wa tatu aliniambia tulia nikujazie, akachora laini mpya na rangi nyeusi, nikatoka hapo nikijiona kijana. Jua la Kisumu mnalijua. Kufika kazini jasho jeusi limeshuka hadi kola ya shati jeupe na hakuna mtu aliniambia kitu mpaka saa sita.

Tangu utotoni nilisikia eti upara unatoka kwa wajomba. Wajomba zangu wote wana nywele, basi nikakaa nikijua nimeokoka, kumbe inarithiwa pande zote mbili na mzee wangu kichwa kilikuwa kinang'aa tangu niko darasa la pili.

Dawa zenyewe nazijua. Kuna minoksidili ya kupaka, ambayo ilianza kama tembe ya presha kabla watu hawajaona wagonjwa wanaota nywele ovyo, na kuna finasteridi, tembe ya miligramu 1 ambayo Marekani waliiruhusu kwa upara 1997. Hii ya pili inapunguza DHT, ile homoni inayosinyaza shina la nywele, kila unywele mpya unatoka mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia hadi unabaki na manyoya ya kifaranga. Inasaidia wengi, siwezi kataa. Lakini kuna wanaume wachache inawapunguzia hamu ya mambo ya chumbani, na mimi nimeoa juzi tu jamani. Halafu zote mbili ukiacha, nywele zinaenda zake.

Kwa hivyo nikaingia mitishamba. Jumapili moja sokoni Kibuye, mama mmoja akanishika kichwa akakigeuza kama anachagua tikiti, akasema, "Mwanangu, hii ni damu imechoka," akanipimia unga wa mizizi kwa kifuniko cha soda. Mizizi ya mti gani? Akacheka tu. Nilijikuna wiki nzima.

Nikahamia vitunguu. Unasaga viwili, unachuja na kichungio cha chai, unapaka, unakaa nusu saa machozi yakitoka. Unaosha, harufu inaisha, alafu ukitoa jasho inarudi yote, mpaka mtu wa boda ananiuliza, "Mkubwa, umebeba pilau?" Baadaye ndio nikasoma kwamba ule utafiti wa 2002 ambao kila mtu anautaja ulikuwa wa upara wa viraka viraka, ugonjwa tofauti kabisa na huu wangu. Wiki tano za kunuka bure!

Mafuta ya rozimeri angalau yalikuwa na kitu. 2015 walichukua watu 100 wenye upara kama wangu, nusu wakapaka rozimeri na nusu minoksidili ya asilimia 2, na baada ya miezi 6 matokeo yakakaribiana. Shida ni kwamba asilimia 2 ni ile hafifu, wanaume wengi hupewa 5. Nilipaka hiyo miezi 6 yote, nikipiga picha kila tarehe moja chini ya balbu ile ile ya bafuni. Picha ya nne nywele zimejaa kabisa, nikaita mke wangu aone, akaiangalia vizuri akasema hapo ulikuwa hujanyoa wiki tatu.

Jumamosi nimerudi kwa kinyozi. Kabla aulize nikamwambia pitisha mashine yote, usiweke kichana. Akasimama kidogo, akaniuliza, "Una uhakika, omera?" Ilichukua dakika nne hivi. Kumbe nina kovu nyuma ya sikio, sijui hata nilianguka wapi, na upepo wa ziwa unausikia kichwani kama maji.

Ile chupa ya rozimeri bado iko dirishani. Jana usiku nimepaka tena kidogo.