Siti ya umeme iliyokwama nyuma: mafundi walitazama swichi, mimi nikasikiliza mota

Miezi miwili niliendesha gari na mito miwili mgongoni. Mimi ni mfupi, na siti ya dereva ilikwama nyuma kabisa, pale ilipoachwa na mpwa wangu, kijana mrefu anayefanya kazi Tunduma, aliyeazima gari wikiendi moja. Aliporudisha nikabonyeza swichi nisogee mbele. Mota ikalia chini, ziii, siti ikajivuta kidogo upande wa katikati, ikakaza, basi.

Anayeijua barabara ya kutoka Mbeya mjini kwenda Mbalizi ataelewa kwa nini nililichukulia kwa uzito. Mteremko wa Iwambi unaushuka ukiwa umebanwa na malori ya kwenda Tunduma, mengine ya Zambia, mengine ya Kongo, yote yamejaza. Pale unataka mguu uifikishe breki mpaka mwisho. Mto wa sufi unabonyea: ukikanyaga kwa nguvu, mgongo ndio unaorudi nyuma, pedali inabaki katikati. Ilinitokea jioni moja ya mvua, lori limesimama ghafla mbele yangu. Nilisimama salama, ila mikono ilitetemeka hadi nyumbani.

Sasa mafundi. Wa kwanza hakuinama hata kuchungulia chini ya siti. "Mama, hiyo swichi imekufa." Nikamwambia, fundi, mota inalia, maana yake umeme unafika. Akasema tuanze na swichi kwanza. Swichi ya mtumba ilinila kama 60,000 hivi, pamoja na ufundi, na siti ikabaki palepale. Wa pili alitaka kuchomoa fyuzi ya ampea 30 na kuziba nafasi yake kwa waya mnene, "ili mota ipate nguvu." Hapo nilimnyang'anya ufunguo. Fyuzi imewekwa iungue yenyewe kabla waya za chini ya kapeti hazijaungua, na juu ya kapeti hilo nimekaa mimi na wanangu. Wa tatu akamwagia oili chafu kwenye reli, vile vyuma viwili ambavyo siti inatelezea. Haikusogeza chochote, ilikusanya vumbi na kuharibu sketi yangu ya kazini. Mwingine alisema ninunue siti nzima, laki nne na ushee.

Kinachoniuma ni kwamba hakuna hata mmoja aliyesikiliza. Ukibonyeza swichi na kukawa kimya kabisa, hapo ndipo uanze na fyuzi, swichi na soketi za chini. Mota ikilia na siti isiende, umeme huna haja ya kuutafuta. Tatizo liko baada ya mota, kwenye kebo au gia. Nilimwita mdogo wangu, yeye ni wa bodaboda, akabonyeza swichi huku mimi nimelala sakafuni nyuma, mkono mmoja kwenye kila reli. Reli ya katikati ilisogea kama upana wa ukucha. Ya upande wa mlango haikusogea hata chembe.

Siti hizi, angalau hii yangu ya Kijapani, zina mota moja ya kupeleka mbele na nyuma. Inatoa kebo mbili, kushoto na kulia, kila moja inazungusha kigiaboksi kwenye reli yake. Kebo yenyewe ni kama ya spidi ya pikipiki: nje ganda la plastiki, ndani waya uliosokotwa wenye ncha ya pembe nne. Ncha ikichomoka upande mmoja, reli moja inavutwa na nyingine imefungwa, siti inajipinda na kukwama.

Jumamosi tukaanza. Nilifungua waya wa hasi wa betri nikasubiri nusu saa, kwa sababu chini ya siti kuna soketi za njano, na za njano ni za mfuko wa hewa na mkanda. Hizo hazipimwi kwa taa wala hazichezewi betri ikiwa imeungwa.

Kisha tukagonga ukuta. Bolti za mbele ni spana namba 14 tu, zinafunguka. Za nyuma zimefunikwa na siti yenyewe, na siti hiyo ndiyo imekwama nyuma. Ili uifungue lazima isogee mbele, na haisogei. Mdogo wangu akaja na betri ya bodaboda yake, volti 12 vilevile, tukachomoa soketi ya mota tukaipa moto moja kwa moja tukidhani nguvu itashinda. Siti ikajipinda mpaka ikatoa mlio wa chuma. Nikapiga kelele aache, tukageuza waya, chanya huku hasi huku, mota ikazunguka kinyume na ikanyooka. Tulikaa kwenye kizingiti tukanywa chai, baridi ya Julai imetukaba, yeye anasema, "Dada, tulipeleke tu gereji."

Nikakataa. Nilirudi kulala chali chini ya usukani, nikaingiza mkono mbele ya siti, nikachomoa kebo ya upande wa mlango pande zote mbili. Nikautoa waya wa ndani kutoka kwenye ganda lake, nikausukuma peke yake ndani ya kigiaboksi, nikaukamata kwa koleo na kuuzungusha. Ukashika! Gia ilikuwa nzima, haina jino lililokatika. Waya ulikuwa umeingia ndani zaidi kuliko ulivyoweza ukiwa na ganda. Nikauweka sambamba na ganda lake nikaona sababu: ganda lilikuwa limerefuka kadiri miaka ilivyopita, ncha inachungulia nje kidogo tu. Kitu kilichonipotezea miezi miwili kilikuwa nusu sentimita ya plastiki.

Jirani yangu seremala akatuazima drili ya betri. Tukabana waya kwenye drili, mwendo wa polepole, reli ya mlango ikatembea sentimita moja. Mdogo wangu akagusisha betri ya pikipiki, reli ya katikati ikatembea sentimita moja. Drili, betri, drili, betri. Siti ilikuja mbele kama mtu mzima anayepanda ngazi, mguu kwa mguu, hadi bolti za nyuma zikaonekana zimekaa wazi. Nilifurahi kuliko siku niliyopata leseni.

Kuitoa ni kazi ya watu wawili, ni nzito kuliko unavyodhani. Tukaipindua juu ya blanketi. Chini kulikuwa na punje za mchele wa Kyela zilizoganda kwenye ile oili chafu, vipande vya chaki, na sarafu. Nikasugua reli kwa mswaki na kitambaa mpaka chuma kikang'aa, nikapaka grisi nyeupe niliyonunua Mwanjelwa, 5,000 au 6,000, sikumbuki.

Ganda nililikata kwa wembe mpya, milimita tano, baada ya kupima mara tatu, kwa sababu ukikata sana huna cha kurudishia. Anza na kidogo. Halafu jambo ambalo fundi yeyote angelisahau: kabla ya kurudisha kebo, reli zote mbili lazima ziwe mahali pamoja kabisa. Nilichukua rula yangu ya darasani nikapima kutoka ncha ya reli hadi kwenye fremu, kushoto na kulia. Ilipishana milimita nane. Nikaizungusha ile moja mpaka vipimo vikalingana, ndipo nikabana kebo.

Soketi zote zikarudi, za njano kwanza, betri mwisho kabisa. Usiwashe gari huku za njano ziko nje. Taa ya mfuko wa hewa ikiwaka kwenye dashibodi inaweza kukudai mashine ya kuifuta. Yangu haikuwaka.

Nikabonyeza. Mota ikalia kwa sauti nyingine, nene na tulivu, siti ikanibeba mbele hadi magoti yakakaribia usukani.

Krismasi mpwa wangu alikuja, akaomba gari kwenda Uyole. Nilimpa. Aliporudi siti ilikuwa nyuma kabisa, kama mara ile. Nikaingia, nikafunga mlango ili nisikie vizuri, nikaweka kidole kwenye swichi. Reli zote mbili zikaja pamoja.